Majani Tuliyoiba Saa ya Wali

Magh 17
Mwalimu wa darasa la akina mama alinipa daftari hili mwaka juzi, akasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, herufi zisije zikanitoka. Sikuandika. Sikuwa na la kuandika. Leo ninalo. Wamefunga msitu.

Nilipanda asubuhi, tenga mgongoni na reki mkononi, kama ninavyopanda kila mwezi wa Magh, majani yakianguka, tangu niolewe hapa. Nikakuta waya umepitishwa kati ya mialoni miwili, na kibao kipya kimepigiliwa. Nikakisoma herufi kwa herufi, nimesimama palepale. NI MARUFUKU KUKUSANYA MAJANI. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Nimehangaika na darasa miaka miwili, na kitu cha kwanza cha maana kukisoma peke yangu ni marufuku.

Sasa nyati wangu atalala juu ya nini? Akilala juu ya udongo mtupu mkojo wote unapotea, kinyesi kinakauka, mboji hakuna. Na bila mboji shamba letu ni ngazi za mawe tu. Mwaka jana mwanangu Tekman alileta mbolea ya mfuko. Ilichelewa kufika, ikapigwa na mvua moja kubwa, yote ikaenda mtoni. Mahindi yakatoka kimo cha goti. Ndipo aliposema, "Mama, mwaka huu yakikataa tena tunauza nyati, tunafunga nyumba, tunashuka tambarare."

Nyumba sita hapa kijijini zina kufuli. Magugu yameota mpaka mlangoni. Sitaki yangu iwe ya saba. Kwa hiyo nataka majani.

Magh 18
Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya msitu, Narbahadur. Ni mtoto wa baba mkubwa wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu. Nilimkuta uani anaota jua.

"Karibu shemeji. Chai?"

"Chai ninayo kwangu. Nieleze kile kibao."

Akacheka kidogo. Ana kicheko cha mtu aliyekwishajua utasema nini. "Shemeji, mwezi wa Chait wanakuja wageni kutoka wilayani. Msitu wetu umechaguliwa kushindania tuzo ya msitu wa mfano. Wanataka kuona majani chini yamejaa, yanashika maji. Majani ni blanketi la msitu."

"Na blanketi la nyati wangu?"

"Vumilia mwaka mmoja."

"Narbahadur, wewe nyati wako wangapi?"

Hana hata mmoja. Aliwauza wote, anakunywa maziwa ya pakiti.

Nikamwambia hatujawahi kuumaliza msitu. Mama mkwe alinifundisha, tunachukua jani la juu, la kahawia. Lile la chini, jeusi, lililoanza kuoza, ni la msitu wenyewe, haligusi mtu. Na kila mwaka tunafagia upande mmoja, upande mwingine unapumzika. Akasema, "Hayo ni mambo ya zamani, shemeji." Nimeondoka bila kuaga.

Magh 21
Hakuna mvua. Tekman amekula kidogo. Nilipomuuliza akasema hana njaa. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja hawezi kukosa njaa bure.

Magh 24
Jirani yangu Bhimkali kaja na kidonda chake cha mdomo, yaani huo mdomo wenyewe. Mimi na yeye tunabadilishana kazi tangu tukiwa mabiharusi, siku moja kwangu, siku moja kwake, lakini sijawahi kumaliza siku naye bila kutaka kumpiga.

"Dilsari, umekaa unalia kama umeachika."

"Silii."

"Basi sikiliza. Mlinzi wa msitu anakwenda kula wali saa nne asubuhi. Anakula kama nyati, anatafuna, anapumzika, anatafuna. Kisha anavuta sigara. Tuna saa nzima. Ukanda ule wa msitu ulio juu ya nyumba zetu, hapo hapo. Tunafagia, tunakanyagia ndani ya tenga, tunashuka mbio."

"Hiyo ni kuiba."

"Majani? Miti imeyatupa yenyewe, dada. Tunaokota takataka za watu."

Nimesema nitafikiria. Nimeshafikiria.

Magh 27
Tumekwenda. Matenga mawili, moja langu, moja lake. Kwa haraka reki ikawa inagonga mawe. Bhimkali anaimba wimbo wa harusi kwa sauti ya chini, mpuuzi yule. Tulipita chini ya waya tukiwa tumeinama kama wezi, na ndivyo tulivyokuwa. Nimezaa watoto watatu, nimezika mmoja, nimemzika mume, na sasa natambaa chini ya waya kwa ajili ya jani. Hasira imenipa nguvu. Tenga lilikuwa jepesi.

Nyati amelala mahali pakavu. Amenilamba mkono.

Phagun 2
Matenga manne. Hakuna mvua.

Phagun 3
Matenga mawili. Mkwe wangu Junkiri ananitazama tu nikirudi, hasemi kitu. Najua yeye ndiye anayemvuta Tekman tambarare. Dada yake yuko huko, ana feni juu ya dari.

Phagun 6
Leo nimefanya vibaya, na ninaandika ili nisijidanganye. Kwa haraka, na kwa hasira, tumefagia mpaka udongo. Tumechukua la kahawia na jeusi pia. Ukanda wote ule juu ya nyumba, kutoka kwenye jabali mpaka korongoni, uko mtupu kama ua uliofagiwa kwa ajili ya matanga. Hata miche miwili ya mwaloni imeng'oka na meno ya reki, na meno mawili yamevunjika. Nimeirudishia, nimeikandamiza kwa vidole, lakini haitashika bila mvua.

Bhimkali akasema, "Mwachie Narbahadur aote jua hapo na blanketi lake."

Nilicheka. Kisha nikaona aibu. Mama mkwe angenichapa na huo mpini.

Phagun 9
Wamenikamata.

Nilikuwa peke yangu. Bhimkali hakuja, alituma salamu kwamba mbuzi wake anazaa. Nikasema nitakwenda mwenyewe, mboji haijafika hata nusu. Saa ya wali. Nimejaza tenga, nimelikanyaga, nimejiinamisha kuvuta kichwani ukanda wa kubebea tenga, nikaona viatu mbele yangu. Si viatu vya mlinzi. Viatu vyeusi, vimepakwa rangi. Narbahadur mwenyewe, na mlinzi nyuma yake bado ana punje ya wali kidevuni.

"Shemeji," akasema, polepole. "Wewe wa kwanza kabisa?"

"Mimi wa kwanza kukamatwa."

"Mwaga."

Sikumwaga. Mlinzi akanisogelea kulishika tenga, nikamwambia, "Ukinigusa, mkeo atajua saa hii." Akarudi nyuma. Narbahadur akalipindua kwa mguu. Majani yote chini. Kisha akachukua ukanda wangu.

Ule ukanda wa kichwani mama yangu aliusuka mwaka nilipoolewa, nyuzi za magome ya mwituni, mwezi mzima mlangoni. Umeshalijua paji langu. Nikiuvaa, siusikii. Nikamwambia, "Chukua tenga, chukua reki. Huo uache."

"Sheria ni kumnyang'anya mwizi kamba na mundu, shemeji. Utarudishiwa mwaka ukiisha."

Sikumlilia. Nimelilia nyumbani, chooni, na maji yakimwagika ndooni ili Junkiri asisikie.

Phagun 10
Wameutundika kwenye msumari nje ya ofisi ya msitu, kila anayekwenda bombani auone. Watu wanapita wanageuza uso, wengine hawageuzi.

Nimekaa nawaza. Mlinzi hula wali saa nne, miaka yote. Nani alimwambia mwenyekiti aje saa nne? Na kwa nini siku hiyo hiyo mbuzi wa Bhimkali akazaa?

Phagun 12
Nimemwambia mbele ya watu. Sijutii. Bombani, foleni ya ndoo imefika njiani.

Nikasema, "Mbuzi amezaa salama?"

"Wawili. Majike," akasema, uso umechangamka.

"Na mwenyekiti alikupa nini kwa ukanda wangu? Alikupa chai?"

Ndoo zote zikanyamaza. Bhimkali akanitazama. Nilingoja anitukane, yeye ndiye fundi wa hayo, ningepumua. Hakutukana. Akasema, "Unasema mimi?"

"Ulijua saa. Ulijua mahali. Hukuja."

Akainua ndoo yake, haijajaa hata nusu, akaondoka. Miaka thelathini na mitatu sijawahi kumwona Bhimkali akikosa neno. Nikasema moyoni, basi ndivyo mwenye hatia anavyokuwa.

Phagun 15
Hakuna mvua. Nimeanza kuokota sindano za msonobari kando ya barabara, huko hawajafunga, kwa sababu hakuna anayezitaka. Nimefunga tenga kwa kamba ya nailoni. Inanikata paji.

Phagun 18
Nyati ameteleza juu ya sindano za msonobari, akapiga goti. Nimemkanda kwa maji ya moto. Najilaumu, kisha namlaumu Narbahadur, kisha namlaumu Bhimkali, kisha nalala.

Phagun 22
Kila asubuhi naingiza mkono kwenye lundo la mboji mpaka kiwiko. Ikiwa hai inaunguza, unautoa mkono kwa haraka. Leo baridi. Jana baridi. Juu kuna majani ya mwaloni kidogo, chini sindano za msonobari zimekaa kama zilivyoanguka, manjano, ngumu, kavu. Miaka mitatu hazitaoza. Kupanda kumebaki mwezi mmoja na siku chache.

Tekman alisimama nyuma yangu. "Mama, acha. Inatosha."

"Inatosha nini? Haijawaka hata."

"Ndiyo maana nasema inatosha."

Nimemtupia konzi ya sindano. Nimemtupia mwanangu.

Phagun 28
Mfanyabiashara wa mifugo kapita. Tekman ndiye aliyemwita. Akamfungua nyati mdomo, akahesabu meno, akamshika kiwele kama anashika embe sokoni. Nilikaa kizingitini nikichambua dengu, sikuinua kichwa. Akasema atarudi Baisakh tarehe tano. Tekman akasema, "Mahindi yakikosa mbolea kufikia siku hiyo, mchukue."

Mwanangu nilimzaa mwenyewe, kwa siku mbili na usiku mmoja. Nilitaka kumkumbusha.

Chait 3
Wageni wamekuja. Mashada ya maua, chai, mikeka. Junkiri alikwenda kuangalia, akarudi anacheka. Anasema Narbahadur aliwaingiza msituni wakazama majani mpaka magotini, mmoja akapoteza kiatu. Wakapiga picha za majani. "Mama," anasema, "wamesifu majani mpaka nikaona haya."

Nimecheka naye. Mara ya kwanza tangu Magh.

Kumekauka sana. Ukitembea msituni sasa unasikia mlio kama mtu anatafuna bisi.

Chait 8
Leo sijui niandikeje.

Tekman alinisaidia kupindua lundo. Hakuombwa. Tulifanya kazi kimya, uma wake, uma wangu. Kisha akasimama, akajifuta, akasema, "Mama, shangazi Bhimkali hakusema kitu."

"Kitu gani?"

"Kwa mwenyekiti. Ni mimi."

Nikafikiri sikusikia. Akasema tena. Kwamba siku ile ya Phagun nane aliniona nikishuka kwenye jabali na tenga, mguu ukateleza, nikakaa chini kwa muda nimeshika kifua. Hilo ni kweli, nilisikia kizunguzungu, sikumwambia mtu. Akaogopa. Akaenda kwa Narbahadur akamwambia, mkataze mama yangu, mimi hanisikii. Akasema, "Nilidhani atakuja nyumbani akuonye tu. Sikujua atachukua ukanda. Sikujua utamtukana shangazi."

"Mwezi mzima, Tekman. Mwezi mzima umekaa mezani unakula mboga yangu ya gundruk."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Ndiyo," akasema.

Nilitaka kumpiga na uma. Nilitaka pia kumshika kichwa kama alipokuwa na surua. Sikufanya lolote. Nikamwambia ondoka, nikabaki na lundo baridi. Nilikuwa na hasira na watu watatu. Sasa mmoja amepungua, na nafasi yake nimeijaza mimi mwenyewe.

Junkiri akanifuata. Nikamwambia, najua ni wewe unayetaka tambarare, angalia ulivyomgeuza. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mama, nani kakwambia? Mimi joto la kule silipendi. Dada yangu kila siku ananipigia analia mbu. Hakuna aliyeniuliza. Wewe hujaniuliza, yeye hajaniuliza."

Ni kweli. Miaka tisa yuko humu ndani, sijamuuliza.

Chait 9
Nimekwenda kwa Bhimkali na maziwa ya kwanza ya asubuhi. Alikuwa anafagia, akaendelea kufagia, vumbi likanijia.

"Nimekosa," nikasema.

"Sisikii."

"Nimekosa, Bhimkali. Ni Tekman."

Akaacha ufagio. "Nilijua ni Tekman. Mlinzi alinieleza."

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Ningekwambia bombani, mbele ya ndoo zote, mwanao ndiye aliyekuuza? Wewe ungekufa pale pale, na maji yangekuwa bado hayajafika zamu yangu."

Nikalia. Na yeye akalia, huku ananitukana. Kisha akasema nirudie mbele ya watu, palepale nilipomtukania. Nimeahidi. Akayanywa maziwa yote amesimama.

Kisha akauliza lundo. Nikamwambia baridi. "Sindano za msonobari nzima nzima? Dilsari, umekuwa mgeni? Zikatekate. Kata na pakanga, lile gugu chungu la kando ya mfereji, bichi, matenga manne, matenga matano. Mwaga mkojo wa nyati kila tabaka. Kisha changanya na samadi ya zamani ya mbuzi wangu."

"Utanipa samadi yako?"

"Sikupi. Unaniazima siku tatu za kupalilia."

Chait 10
Nimesema bombani. Kwa sauti. Watu wakafurahi sana, wengine walikuja bila ndoo.

Chait 11
Tumekata pakanga, mimi, Bhimkali, Junkiri. Mikono michungu, hata chapati imekuwa chungu. Tekman amekatakata sindano kwa panga juu ya gogo, siku nzima, bila kuambiwa. Sijaongea naye. Nimemwekea chai karibu na gogo.

Chait 14
Vuguvugu. Naapa ni vuguvugu.

Chait 16
Inaunguza! Nimeutoa mkono mbio nikapiga kelele, Junkiri akadhani nyoka.

Chait 19
Ninaandika vidole vikiwa na malengelenge. Naanza mwanzo.

Baada ya mchana upepo ulikuwa mkali kutoka kileleni. Nilikuwa nampa nyati maji. Akainua kichwa, akakataa kunywa. Ndipo niliponusa. Moshi juu ya ukingo wa mlima, mweupe kwanza, halafu wa rangi ya samadi. Nani kawasha, hakuna anayejua, na leo sina nguvu ya kumtafuta. Moto ukaanza kushuka kwenye msitu wa mfano.

Ulishuka kwa sababu chini kulikuwa na majani mpaka magotini. Kila mwaka moto unapita huku, unaramba nyasi mbili tatu, unakufa, kwa sababu tumefagia. Mwaka huu ulikuta chakula. Ulinguruma, sijawahi kusikia moto unanguruma. Nikamwambia Junkiri mfungue nyati, mchukue mjukuu wangu, shuka mpaka mtoni usigeuke. Akasema, "Na wewe?" Nikamsukuma.

Tulipanda wanawake kumi na kitu na wanaume wachache waliobaki kijijini, na matawi mabichi mikononi. Tekman mbele. Tukafika juu ya nyumba, kwenye ule ukanda wetu. Wangu na Bhimkali. Mtupu, kutoka jabali mpaka korongo. Moto ukaja mpaka ukingoni, ukasimama. Niliuona ukisimama. Ulitafuta jani, haukupata. Ukawa unakwenda kushoto na kulia kando ya ule mstari kama mbwa kwenye uzio.

Lakini matunda ya misonobari yanashuka yanawaka, yanaviringika, yanaruka. Moja likavuka, likaangukia nyasi juu ya paa la Bhimkali. Tukalikimbilia. Likavuka jingine. Tukakimbia hivyo, huku na huku, tukiyapiga kwa matawi, tukiyakanyaga, Bhimkali akiyatukana kila moja kwa jina la ukoo wa mwenyekiti. Na mwenyekiti mwenyewe alikuwepo. Narbahadur alikuja anatweta, viatu vyake vile vyeusi, akaangalia ule ukanda mtupu, akaniangalia mimi. Akashika tawi. Alipiga moto mpaka nyusi zikaungua, sitamnyima hilo.

Jua lilipofika mlimani upepo ulilala. Nyumba zote zipo. Msitu juu ya mstari ni mweusi wote. Mialoni mikubwa imesimama, sijui kama itachipua. Miche yote imekwenda. Ile miwili niliyoirudishia kwa vidole iko chini, ndani ya ukanda wetu. Imekauka, lakini haijaungua.

Tekman alinikuta nimekaa kwenye jabali. Uso mweusi, macho mekundu. Akakaa. Akasema, "Mama, mngekuwa hamjaiba."

Nikasema, "Maliza."

Akanishika mguu, akainamisha paji lake juu yake, kama siku ya sikukuu. Nikamwacha hapo muda mrefu. Bado nilikuwa na hasira naye. Mkono wangu ulikuwa kichwani kwake.

Chait 20
Nyati amerudi. Lundo halikuguswa hata na cheche. Bado linaunguza, zuri.

Chait 27
Mkutano wa msitu. Wametandika mikeka shuleni. Alikuja bwana mmoja wa wilayani na kamera. Narbahadur, nyusi hana, akasimama akafungua kile kitabu kikubwa cha kamati, akasoma. Nimemsikia kwa masikio yangu haya: "Kamati, kwa kuona mbali, ilifagia njia ya kuzuia moto juu ya makazi, na hivyo kuokoa kijiji."

Watu wakapiga makofi. Wengine kwa mazoea tu.

Kisha akasema, "Na kwa moyo wa maridhiano, kamati inamrudishia shemeji yetu Dilsari ukanda wake." Akautoa mfukoni. Bwana wa kamera akasogea. Nikasimama, nikaupokea, kwa sababu ni wa mama yangu. Makofi tena. Kisha kitabu kikaanza kuzunguka kwa wanawake, na kile kisanduku cha wino. Bonyeza dole gumba, pitisha. Bonyeza, pitisha. Kikafika kwangu.

Mlinzi akanishika mkono autie wino.

"Nipe kalamu," nikasema.

"Dole linatosha, mama."

"Nipe kalamu."

Narbahadur akacheka kile kicheko chake. "Mpe. Shemeji amesoma."

Nikasoma kwanza, yote, kwa sauti, herufi zingine zilinichelewesha na watu wakangoja. Nikafika kwenye "kwa kuona mbali." Nikaikata kwa mstari mmoja. Chini yake nikaandika, maandishi makubwa kama ya mtoto:

"Ukanda huu wa msitu tuliufagia sisi, Dilsari na Bhimkali, tukiiba majani ya mboji saa ya wali, mwezi wa Phagun. Tulikosea kufagia mpaka udongo. Kamati ilikosea kufunga. Jani la juu ni la nyati, la chini ni la msitu."

"Shemeji!" Narbahadur amesimama. "Umeharibu kitabu cha kamati!"

"Nyusi zako ndizo zimeharibika, kitabu kiko sawa."

Watu wakacheka mpaka bwana wa kamera akauliza kasema nini. Uso wa Narbahadur ukawa mwekundu. Akanyoosha mkono akichukue kitabu. Bhimkali alikuwa mwepesi. Alichovya dole gumba kwenye wino, lote, mpaka kucha, akalibandika chini ya maneno yangu. "Mimi sijui kuandika," akasema, "lakini hilo nalijua." Akaja wa pili, akaja wa tatu. Wale waliokwishabonyeza juu, kwenye yale ya kamati, walirudi wakabonyeza na chini.

Na Tekman akaja. Yeye anajua kuandika vizuri kuliko mwenyekiti. Aliiacha kalamu. Akachovya dole, kama mama zake.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa kizingitini nikaogopa. Watatufanya nini? Watatunyima kuni? Junkiri akasema, "Sasa ndiyo unaogopa?" Ndiyo. Sasa.

Baisakh 2
Waya umeondolewa. Hakuna aliyetangaza. Kibao kipo bado. Nimekisoma tena nikipita, nikapita.

Baisakh 3
MVUA. Tangu alfajiri, ya polepole, ile inayoingia ndani. Nimesimama uani na kanga ya Junkiri kichwani, nimelowa yote, sikutaka kuingia.

Baisakh 4
Tumebeba mboji shambani, matenga thelathini na mawili, ngazi kwa ngazi. Nyeusi, inavunjika mkononi, ina harufu ya msitu baada ya mvua. Sindano za msonobari hazijaisha zote, bado zinachomachoma, lakini zinatosha. Tekman alibeba nyingi kuliko wote. Aliomba ukanda wangu. Nilimpa. Akasema unambana kichwa, nikamwambia kichwa chako kikubwa, ulinipa shida tangu kuzaliwa. Akacheka. Shamba la Bhimkali ni zamu ya pili, tumeanza na langu kwa sababu yeye mwenyewe alisema tuanze hapa.

Baisakh 5
Mfanyabiashara wa mifugo amekuja, na kamba yake ya kufungia. Nilikuwa zizini. Sikutoka. Niliweka shavu ubavuni mwa nyati nikasikiliza.

"Niko tayari, ndugu," akasema yule mtu.

Tekman alikawia. Nilimsikia anakwaruza matope kwenye kiatu. Kisha akasema, "Tumeshaweka mboji. Mahindi yanapandwa kesho. Njoo baada ya mavuno, tuzungumze."

Baada ya mavuno! Nimekereka mpaka nimemnong'oneza nyati maneno mabaya sikioni. Kwa nini asiseme asije tena kabisa? Nimetoka nje kumwambia. Nikamkuta ameinama kwenye lile shimo la mboji lililobaki tupu, anakwangua makombo ya mwisho kwa mikono, anayatia ndani ya tenga, na ukanda wa mama yangu uko begani kwake.

Nikageuka, nikaenda kuchukua reki yangu. Baada ya mavuno nyasi zinaanza kukauka. Baada ya hapo ni Magh, majani yanaanguka. Nimekaa kwenye jua nikachonga meno mapya ya reki, mawili, badala ya yale yaliyovunjika Phagun ile.